Boksi la spika la MDF: linapiga mluzi, kingo zinanyonya rangi

Wakuu, boksi lililozibwa, wufa (spika ya besi) inchi 8, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) milimita 18. Besi ikipanda kuna mluzi karibu na spika, na ukiweka kiganja ubavuni unahisi mtetemo. Kingo zimepakwa rangi mara tatu, bado zina vinyweleo. Nianzie wapi?

— Mluzi ni hewa inayovuja. Sukuma koni (sehemu ya spika inayotikisika) taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kisha iachie. Boksi lililoziba huirudisha polepole. Ikirudi papo hapo, pana upenyo. Anza chini ya fremu ya spika na tundu la nyaya. Weka ukanda wa sponji chini ya fremu, kaza skrubu kwa kukingamana kama nati za gurudumu. Maungio ya ndani yapigie gundi ya mbao, mstari mnene, uache saa 24. Silikoni inayonuka siki usiiguse kabisa, mvuke wake hula shaba.

— Kwa mtetemo, ubavu uuwekee kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 2 kutoka ukuta hadi ukuta, kwa gundi. Kisikae katikati kamili: nusu mbili zilizo sawa hutetemeka kwa sauti ileile.

— Kingo za MDF ni nyuzi zilizo wazi, zinakunywa kama sponji. Rangi iliyopo ikwangue kwa msasa namba 180 mpaka ufikie mbao. Paka gundi nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Itavimba kidogo, ikikauka pitisha 240, urudie. Ukipapasa kwa kidole na usihisi vinyweleo, ndipo praima (rangi ya msingi) ya mafuta. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, vaa barakoa mkuu.