Kemikali hubadilishaje jeni hadi seli ikawa ya saratani?

Mdadisi aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Kila ninaposoma kuhusu saratani hukutana na maelezo yaleyale mafupi: kemikali fulani husababisha mabadiliko ya jeni, na mabadiliko ya jeni husababisha saratani. Hakuna anayeeleza kinachotokea katikati. Katika familia yetu kuna mgonjwa wa saratani ya mapafu, na ndugu wengine sasa wana hofu kwamba ugonjwa uko kwenye damu yetu, kwa hiyo ningependa kuelewa jambo hili vizuri kabla ya kuzungumza nao.

Naomba mnisaidie katika mambo matatu. Kwanza, kemikali iliyovutwa kwa njia ya moshi inafikaje kwenye jeni na kuibadilisha? Pili, kwa nini mtu mmoja huvuta sigara hadi uzeeni bila kuugua, ilhali mwingine ambaye hajawahi kuvuta anapata saratani ya mapafu? Tatu, ikiwa saratani ni ugonjwa wa jeni, je, ina maana kwamba hurithiwa?

Mwalimu wa Biolojia alijibu:

Ndugu Mdadisi, pole kwa kuuguza. Swali lako la kwanza ndilo linalobeba hayo mengine, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Chukua benzopireni, mojawapo ya kemikali zilizomo katika moshi wa tumbaku, masizi na lami ya makaa ya mawe. Inapoingia mwilini haina uwezo wa kujifunga kwenye DNA, na ni mwili wenyewe unaoipa uwezo huo. Seli zina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuifanya kemikali ngeni iyeyuke katika maji ili iweze kutolewa nje, na katika kufanya hivyo huiongezea oksijeni hatua kwa hatua. Katika mojawapo ya hatua hizo hutokea umbo lisilotulia, ambalo huungana na chochote kilicho karibu nalo. Likiikuta DNA, hujifunga kwenye guanini, ambayo ni mojawapo ya herufi nne za DNA zinazoandika jeni zetu: guanini (G), sitosini (C), adenini (A) na thimini (T).

Hapo bado jeni haijabadilika. Maelezo mengi huliruka jambo hili, nami naliona kuwa ndicho kiini cha suala zima. Kilichopo kwa wakati huo ni jeraha tu, na seli ina protini za kulitibu: hukata kipande chenye jeraha, chenye herufi zipatazo 30, kisha hujaza pengo kwa kuusoma uzi wa pili wa DNA. Kazi hiyo ikikamilika kabla seli haijagawanyika, hakuna alama yoyote inayobaki. Lakini seli ikianza kunakili DNA yake jeraha likiwa bado lipo, kimeng'enya kinachonakili hufika kwenye guanini ile iliyoharibika, hushindwa kuisoma, na mara nyingi huweka adenini mkabala nayo, mahali palipostahili sitosini. Katika mgawanyiko unaofuata, adenini hiyo hupewa thimini kuwa mwenzake. Palipokuwa na jozi ya guanini na sitosini sasa pana jozi ya thimini na adenini, ambayo kwa umbo haina kasoro yoyote, na kwa sababu hiyo protini za ukarabati hupita bila kuona cha kurekebisha. Kuanzia wakati huo kosa limekuwa mali ya seli hiyo na uzao wake wote.

Huenda ukajiuliza herufi moja inaweza kuleta madhara gani. Mwaka 1982 watafiti walilinganisha jeni ya RAS iliyotoka kwenye saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya seli zenye afya, wakakuta kwamba tofauti iliyoipa jeni hiyo nguvu ya kuzalisha saratani ni herufi moja: GGC ilikuwa imegeuka GTC. Kwa badiliko hilo, asidi amino (kipande kimojawapo kinachojenga protini) ya 12 katika protini ya RAS huwa valini badala ya glaisini. Kwa kawaida protini hiyo huwaka seli inapopokea amri ya kukua, kisha hujizima yenyewe. Yenye valini haiwezi kujizima, kwa hiyo seli huendelea kupokea amri ya kugawanyika ambayo hakuna aliyeitoa.

Upande wa pili kuna jeni zinazozuia, na mashuhuri kuliko zote ni TP53, ambayo protini yake husimamisha mgawanyiko DNA inapojeruhiwa, au huiamuru seli ife ikiwa jeraha limezidi. Jeni hii hukutwa imebadilika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Tena, kila kisababishi huacha alama yake ndani yake. Sumukuvu, ambayo hutengenezwa na kuvu waotao kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri, huelekea kuibadilisha guanini kuwa thimini katika kodoni (kundi la herufi tatu linalotaja asidi amino moja) ya 249, na badiliko hilo huonekana sana kwenye saratani ya ini ya watu waliokula sumu hiyo kwa wingi. Miale ya urujuanimno ya jua, kwa upande wake, hugandamanisha herufi mbili zilizo jirani, ndiyo maana saratani za ngozi hujaa mahali ambapo CC imekuwa TT.

Mdadisi aliandika:

Nashukuru sana, Mwalimu. Sasa nimeelewa kwamba kuna kipindi kati ya jeraha na badiliko la kudumu. Je, badiliko moja kama hilo la RAS linatosha kuleta saratani?

Mtu wa Maabara alijibu:

Kwa kawaida halitoshi, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Mwaka 1971 mtafiti Alfred Knudson alichapisha uchunguzi wake kuhusu retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Watoto waliourithi ugonjwa huo waliugua mapema zaidi na mara nyingi katika macho yote mawili, ilhali wale ambao familia zao hazikuwa nao waliugua baadaye kidogo na katika jicho moja. Alieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba yanahitajika mapigo mawili, na baadaye ikathibitika kuwa ni nakala mbili za jeni moja, RB1, ambazo lazima ziharibike zote katika seli ileile. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli anangoja pigo moja tu. Asiyerithi anahitaji mawili yakutane mahali pamoja, jambo ambalo ni nadra.

Saratani nyingi za watu wazima huhitaji zaidi ya hapo. Watafiti Peter Armitage na Richard Doll walionyesha mwaka 1954 kwamba namna vifo vya saratani nyingi vinavyoongezeka kadiri umri unavyosonga inalingana na mchakato wa hatua sita au saba. Sasa zingatia kwamba DNA ya binadamu ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3, na mabadiliko mengi huangukia mahali yasipodhuru chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kuvuta pakiti moja ya sigara kila siku kwa mwaka mmoja huongeza wastani wa mabadiliko 150 katika kila seli ya pafu. Hayachagui pa kuangukia. Mvutaji mmoja anaweza kuishi miaka mingi bila seli yake hata moja kukusanya seti inayotakiwa, na asiyevuta anaweza kuipata kwa makosa ya kawaida ya kunakili DNA, kwa gesi ya radoni (gesi yenye mionzi itokayo ardhini), au kwa hewa chafu. Bahati ipo kweli, lakini anayevuta huwa anaijaribu mara nyingi zaidi, na tofauti hiyo huonekana wazi unapohesabu watu maelfu.

Kuhusu kurithi: badiliko lililotokea kwenye seli ya pafu haliwezi kwenda kwa mtoto, kwa sababu halimo katika yai wala katika mbegu ya kiume. Saratani zinazotokana moja kwa moja na jeni mbovu iliyorithiwa, kama BRCA1 kwa saratani ya matiti na ya ovari, hukadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 10 ya zote. Hata hizo, kinachorithiwa ni pigo la kwanza, wala si ugonjwa wenyewe. Daktari huanza kushuku urithi anapoona ndugu kadhaa wa damu wenye saratani ya aina moja, au mtu aliyeugua akiwa na umri mdogo kuliko ilivyo kawaida.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Ningependa kuongeza jambo moja, maana msomaji anaweza kuondoka hapa akidhani kwamba kila kisababishi cha saratani huigusa DNA moja kwa moja. Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, huiacha TP53 ikiwa nzima na kuishambulia protini yake: protini ya virusi iitwayo E6 huifanya isagwe, na nyingine iitwayo E7 huifunga protini ya jeni ya RB1 iliyotajwa hapo juu. Virusi vya homa ya ini B na bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori huzifanya tishu ziwe na mwasho na kuvimba kwa muda mrefu, hali inayoua seli, na seli zinazobaki hulazimika kugawanyika mara kwa mara ili kuziba nafasi. Kwa yale aliyoeleza Mwalimu, utaona uzito wa jambo hilo: seli inayogawanyika kwa haraka huvipa vimeng'enya vya ukarabati muda mfupi wa kulimaliza jeraha kabla halijanakiliwa.

Majaribio ya ngozi ya panya yaliyofanywa miaka ya 1940 yalilionyesha hili waziwazi. Panya alipakwa kiasi kidogo cha kemikali inayojeruhi DNA, kidogo mno kuleta uvimbe, kisha akapakwa mara nyingi mafuta ya kroton, ambayo huchochea seli kugawanyika, na uvimbe ukaota. Mpangilio ulipogeuzwa, mafuta yakatangulia na kemikali ikafuata, uvimbe haukuota.

Ndugu Mdadisi, kama miongoni mwa hao ndugu zako wenye hofu kuna wanaovuta sigara, waambie kwamba kuacha kunafaa hata kama wamevuta miaka mingi. Mabadiliko yaliyokwisha kutokea hayafutiki, lakini mapigo yaliyosalia hayaongezewi kasi tena. Uchunguzi wa madaktari wa Uingereza, uliofuatilia wavutaji na wasiovuta kwa miaka 50 hadi mwaka 2001, ulionyesha kwamba walioacha wakiwa na umri wa miaka 50 hivi walipunguza kwa nusu hatari ya kufa mapema kwa sababu ya sigara, na walioacha wakiwa na miaka 30 waliiepuka karibu yote.