Fungate kwa gari kutoka Mwanza: Hanang, Lushoto na Pangani. Tuanzie mlimani au baharini?

Mzawa wa Igoma
Habari zenu wadau. Harusi yetu ni mwishoni mwa Septemba hapa Mwanza, kisha wote wawili tuna likizo ya siku 14. Fungate tumeamua iwe barabarani: milima ya kupanda kwa miguu na pwani ya kupumzikia. Mwenzangu amekulia Ukerewe, maji ya ziwa anayajua, bahari hajawahi kuiona.

Orodha yetu hadi sasa: Serengeti kupitia geti la Ndabaka, Ngorongoro, mlima Hanang, siku moja Marangu, Lushoto, Tanga, halafu Pangani na kisiwa cha Maziwe. Gari ni Toyota RAV4 ya 2004, otomatiki. Leseni tunazo wote.

Naomba msaada kwa mambo matatu: je, vyote hivi vinaingia kwenye siku 14? Tuanze na mlima au na bahari? Na gari iandaliwe vipi? Mtu asinifiche ukweli kama nimejaza mno.

Dereva wa Masafa
Hongera sana, kaka. Umejaza mno. Futa Serengeti, Ngorongoro na Marangu, kilichobaki kinatosha na ni kizuri.

Ukiangalia ramani, Ndabaka inaonekana ni njia ya mkato ya kwenda Arusha. Lakini hapo unalipia hifadhi mbili, watu pamoja na gari, na muda wa kibali unahesabiwa kwa saa. Barabara ya ndani ni ya vumbi lenye mikunjo inayotikisa kila nati ya gari ndogo. Ukiharakisha ili muda usiishe, wanyama huwaoni na shokapu zinakufa. Serengeti iko mlangoni kwenu, mtaiendea wikiendi yoyote.

Hesabu ya kilomita, kwa makadirio: Mwanza hadi Singida kupitia Shinyanga na Nzega ni kama 450. Singida hadi Katesh, chini ya Hanang, kama 70. Katesh hadi Arusha kupitia Babati kama 270. Arusha hadi Lushoto zaidi ya 300. Lushoto hadi Pangani kupitia Segera na Tanga kama 225. Kurudi kwa Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma na Singida ni zaidi ya 1,300. Ukijumlisha na mizunguko midogo, weka 2,900. Kwa gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita, hizo ni lita 290, ongeza 20 za foleni na milima.

Wengi wanakosea hapa: wanapanga kwenda, wanasahau kurudi. Pangani hadi Mwanza si safari ya siku moja, wala mbili kwa watu walio fungate. Gawa mara tatu: lala Morogoro, lala Singida, fika nyumbani.

Na usipige hesabu ya kilomita 100 kwa saa. Kila kijiji kina kibao cha 50, kina matuta na rasta, na trafiki wenye tochi za kupimia kasi wanajua hasa ni wapi madereva wanasahau kupunguza. Faini ni 30,000 kwa kosa moja. Wastani wa kweli ni 60 hadi 65, kwa hiyo Mwanza hadi Singida ni saa saba za usukani, pamoja na chakula nane. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, usiendeshe usiku: malori yaliyoharibika yanasimama barabarani yamewekewa matawi tu nyuma, na ng'ombe hawana taa.

Siku ya kwanza baada ya harusi msiguse barabara. Kisiwa cha Saanane kipo dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Mkakae na pimbi kwenye mawe, mlale mapema.

Mpanda Vilima
Naongezea kwenye Hanang, kwa sababu watu wanaudharau kwa kuwa haujulikani kama Kilimanjaro. Una zaidi ya mita 3,400. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, Katesh ni kama 1,750, kwa hiyo siku hiyo moja mnapanda zaidi ya mita 1,600 na kuzishuka zote. Kupanda ni saa tano hadi saba, kushuka nne hadi tano.

Ni hifadhi ya msitu ya Serikali, chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Fikeni Katesh siku moja kabla, mchana, ofisi ikiwa wazi: lipeni kibali, pateni mwongozaji, kubalianeni bei yake na saa ya kuanza. Mkifika jioni mkategemea kumaliza hayo asubuhi, mtaanza saa mbili jua likiwa juu, na hapo kilele mmeshakipoteza. Njia ya kawaida ni ya Jorodom. Anzeni saa kumi na moja alfajiri, kila mtu na tochi ya kichwani.

Maji ni lita 4 kwa mtu, mbebe kutoka chini. Msitegemee kupata njiani wakati wa kiangazi. Chakula kiwe kidogo kidogo: ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, chapati. Juu kuna upepo mkali hata Septemba, kwa hiyo sweta, koti la kuzuia upepo, kofia na soksi za akiba. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla. Mnaposhuka vidole vinagonga mbele ya kiatu saa nne mfululizo, kucha ndefu inageuka nyeusi. Viatu viwe vya zamani kidogo, vyenye meno. Kiatu kipya kitawatoa malengelenge kabla ya saa tatu asubuhi.

Kitu kinachovunja watu moyo ni kile kilele cha uongo. Mtafika mahali mtadhani mmemaliza, kumbe mbele kuna mgongo wa mawe wa kupanda na kushuka zaidi ya saa nzima. Wekeni saa ya kugeuza kabla ya kuondoka: ikifika saa saba mchana hamjafika, mnarudi, bila majadiliano. Mmoja akiumwa kichwa na kutapika, wote wawili mnashuka wakati huohuo. Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka.

Septemba mwishoni na Oktoba mwanzoni ni wakati mzuri. Mvua za huko zinaanza Novemba hadi Aprili, na mlima ule si wa kuchezea kukiwa na mvua: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope yalishuka hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Mkikuta imenyesha usiku kucha, sikilizeni mwongozaji akisema hapana.

Mazoezi yaanze sasa, wiki sita. Kilima cha Isamilo hapo Mwanza kinatosha: pandeni na kushuka mara mbili asubuhi, mara tatu kwa wiki, begi la kilo 5 mgongoni. Msipande kwa miguu mkashuka kwa bodaboda. Kinachoumiza mapaja ni kushuka, na hicho ndicho cha kufanyia mazoezi.

Kuhusu mpangilio, mimi ni mlima kwanza. Mapaja yatauma siku mbili tatu, na bahari ndiyo pa kuyapumzishia.

Binti Bweni
Kaka Mpanda Vilima, hapo kwenye mpangilio naomba nitofautiane nawe. Kinachoamua ni mwezi, na watu wa ziwani wanasahau hili kwa sababu ziwa halipwi wala halijai.

Huku kwetu Pangani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kwenda na saa sita kurudi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inakaribia mita 4. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ni ndogo.

Maziwe ni mchanga mtupu katikati ya bahari. Zamani ulikuwa na miti na kasa wakitaga, leo maji yakijaa haupo kabisa. Siku za bamvua pwani yetu maji yanapwa zaidi saa nne hadi saa tano asubuhi, ndiyo saa nzuri: mnatoka saa mbili upepo haujachangamka, mnaogelea kwenye matumbawe, mnaukuta mchanga umetokeza mpana, saa saba mko nyumbani. Nyakati za maji mafu saa zinageuka, maji yanapwa alfajiri au jioni na mchanga unaoonekana ni mdogo. Mtu anafika saa sita, anaambiwa kisiwa kiko chini ya boti. Anakasirika, lakini nahodha hana kosa.

Kwa hiyo fungueni kalenda. Kwa kilomita za Dereva wa Masafa, mkianza na mlima, siku zenu za bahari ni ya 9 hadi 11. Mkianza na bahari kupitia Dodoma na Morogoro, ni ya 5 hadi 7. Chagueni upande unaoangukia bamvua.

Mengine kwa dada ambaye hajaiona bahari: msiegeshe gari kwenye mchanga mkavu mkaenda kula, maji yatalifuata. Mwingie majini na viatu vya plastiki, kuna wadudu wa miiba mirefu myeusi kwenye mawe. Kuogelea ufukweni ni maji yakijaa. Yakipwa mtatembea nusu kilomita kwenye majani na maji ya magoti. Mkienda ufukwe wa Ushongo, mnavuka mto Pangani. Ulizeni mjini saa za kivuko siku hiyohiyo, na ng'ambo kuna mchanga laini, msisimamishe gari katikati yake.

Na upepo wa kusi bado una nguvu kidogo Septemba. Baharini ni asubuhi, mchana ni wa kulala.

Fundi Nyakato
Kuhusu gari. RAV4 ya 2004 inafika bila shida ikiandaliwa wiki mbili kabla. Usiifungue injini siku ya harusi.

Breki kwanza, kwa sababu ya Lushoto. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, na kushuka kwake ni karibu mita 1,000. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kadiri yanavyokaa; yakipata joto kwenye mteremko mrefu ule unyevu unachemka, pedali inazama hadi chini na gari haishiki. Kama yamepita miaka miwili, mwaga yote, weka mapya, toa hewa magurudumu yote manne. Pedi ikibaki chini ya milimita 4, badilisha.

Kushuka: zima O/D (ile gia ya juu ya mwendo wa kasi) kwa kitufe cha pembeni ya gia, kwenye kona kali weka gia kwenye 2. Injini ndiyo ishike gari, breki iguswe kwa vipindi. Ukinusa harufu ya kuungua, simama mahali salama dakika 20 boneti ikiwa wazi. Usimwagie maji diski zenye moto, zinapinda na usukani utatetemeka hadi Mwanza.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho pembeni. 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka sita, hata kama meno yapo, usiipeleke Singida mchana wa Oktoba. Upepo upimwe tairi ikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Spea nayo pimwa. Wengi wanaigundua imelala siku ya pancha.

Rejeta iwe na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Maji matupu yanachemka mapema na yanaleta kutu. Beba lita 2 za akiba, lita 1 ya oili, fanbelti, balbu mbili, waya wa kuunganishia betri, jeki na spana ya magurudumu mliyojaribu wenyewe. Pembetatu mbili, kizima moto kisichopitwa na muda, na bima: trafiki ataviuliza.

Mzawa wa Igoma
Wabeja sana wote. Serengeti, Ngorongoro na Marangu nimevifuta. Nimeangalia kalenda, mwezi mpevu unaangukia siku ya 6. Kwa hiyo tunaanza na bahari? Hapo Hanang inakuwa siku ya 12, na siku ya 14 tunatakiwa tuwe Mwanza.

Binti Bweni
Ndiyo, bahari kwanza. Maziwe iwe siku ya 6 au ya 7, siku ya 5 mfike tu mzoee. Wekeni nafasi ya boti mapema, bamvua kila mtu anaitaka.

Mpanda Vilima
Nimekubali, dada Binti Bweni. Na kuna faida moja: kutoka Lushoto hadi Arusha hadi Katesh mnapanda taratibu, mwili unazoea. Siku ya 10 mlale Arusha, ya 11 ondokeni saa kumi na mbili ili mkute ofisi ya Katesh wazi. Siku ya 13 nendeni Singida tu, kilomita 70, kwa sababu siku inayofuata baada ya kupanda paja linauma na mguu wa breki ni huohuo. Siku ya 14 mpokezane usukani Nzega na Shinyanga. Kama mvua itawazuia Hanang, msibanane kusubiri: siku ile mlale Babati, mkaangalie viboko ziwani.

Dereva wa Masafa
Na siku ya 3, Singida hadi Morogoro, ndiyo ndefu kuliko zote, kama kilomita 500. Jazeni mafuta usiku wa siku ya 2, mtoke kabla ya jua.