Mliosema gari la umeme linachajiwa "kama simu tu", njooni hapa mnieleze

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, nikiteleza mahali mtanivumilia.

Nina miezi saba na Nissan Leaf ya 2014. Sikukurupuka. Nilikuwa na Toyota IST, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei kikomo ya mafuta kama mzazi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Nikawaza kufunga gesi, nikapita Ubungo siku moja nikaona ile foleni ya bajaji na vikirikuu, nikageuza. Ndipo jamaa wa yadi ya magari akanipata. "Bro, unarudi nyumbani, unachomeka kama simu, unalala. Asubuhi kilomita 228."

Gari lenyewe sina ugomvi nalo, niseme ukweli. Naishi Segerea, kazini Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 35. IST ilikuwa inakula laki mbili na ushee kwa mwezi. Hii umeme wake haufiki elfu sitini. Haina oili ya kubadilisha, haina plagi za kuchoma, na kwenye foleni ya Buguruni imetulia kimya wenzako wanaunguza mafuta. Zile 228 ni za karatasi ya Japani, gari likiwa jipya. Langu, vile vijiti vya dashibodi vinavyoonyesha uzima wa betri, vitatu kati ya kumi na mbili vimeshapotea, nikipata mia moja namshukuru Mungu. Hilo nalo nimelimeza, maana safari yangu ni fupi.

Kinachonitoa roho ni hilo neno "nyumbani". Nyumbani kwa nani?

Mimi mpangaji. Vyumba viwili na sebule, uani tupo familia mbili, mita ya LUKU moja, tunachangia. Mimi na jirani yangu mama Rehema tulikuwa tunaishi vizuri kwenye ile bei ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi: ukiacha kodi ya jengo, elfu tisa inakupa kama uniti 73. Sasa piga hesabu. Gari peke yake linataka uniti mia na hamsini na kitu. Tulipovuka 75 bei ikaruka, na haikupita muda tukatolewa kabisa kwenye kundi lile. Siku hiyo mama Rehema kanunua umeme wa elfu kumi kama kawaida yake, simu ikamrudishia uniti 28. Akaja mlangoni kwangu na simu mkononi, hakusema neno, akanionyesha tu. Wakuu, bora angenitukana.

Nikasema haya, nitavuta mita yangu mwenyewe, gharama zote juu yangu. Nikaenda kwa baba mwenye nyumba kwa adabu zote. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kijana, mimi nilikupangisha vyumba, sikukupangisha sheli."

Ikaisha hivyo. Sina mkataba unaonilinda kwenye hilo, na sijui mpangaji gani mjini hapa anao. Ufaransa mpangaji ana haki kisheria ya kufunga sehemu ya kuchajia kwa hela yake mwenyewe, na mwenye nyumba hawezi kumkatalia bila sababu nzito. Huku tunaambiwa bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme upo wa kumwaga. Mimi nautaka umeme huohuo, nipo tayari kuulipia bei ya juu kabisa, tatizo ni mita tano za waya kutoka ukutani mpaka kwenye gari.

Na hizo mita tano nazo zina mkasa wake. Chaja iliyokuja na gari ni ya Kijapani, volti 200, ampea 15, plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Jamaa wa yadi akaikata mbele yangu akafunga plagi ya kawaida ya ampea 13, akasema tayari. Usiku wa nne nikasikia harufu. Plagi imeyeyuka, soketi nyeusi, ekstensheni imegandana na kapeti. Watoto wamelala chumba cha pili! Nikampigia, akanijibu, "Ulikuwa unachaji muda mrefu sana." Ndugu yangu, betri ya gari unataka niichaji dakika kumi? Fundi mwingine, mtu mzima, ndiye akaniambia kifaa cha kuvuta umeme mwingi saa saba mfululizo hakitaki plagi ya pasi, kinataka laini yake kutoka kwenye mita. Tunarudi palepale kwa mzee na sheli yake.

"Si uchaji mjini?" Najua mtauliza. Nilienda hoteli moja upande wa Masaki, nikiwa na asilimia 19. Mlinzi akasema chaja ni ya wateja wanaokula. Nikaagiza chai, elfu nane, nikaimaliza, nikaenda kuchomeka. Haiingii. Chaja yao ina plagi ya CCS, ile aina ya Ulaya, tundu la gari langu ni CHAdeMO, aina ya Kijapani. Baadaye nikasoma kwamba hilo jina la CHAdeMO Wajapani wamelitoa kwenye msemo wao wa kukaribishana chai wakati gari linachaji. Basi mimi chai nilikunywa, chaji sikupata. Nikarudi Segerea kwa mwendo wa bibi harusi, AC nimezima, jasho linanitoka, macho kwenye dashibodi. Nilifika na asilimia tatu.

Huko Ulaya walikaa wakaamua tangu 2014 kwamba chaja za umma ziwe na soketi ya aina moja inayoeleweka. Sisi kila anayeleta gari anakuja na tundu lake, anayefunga chaja anafunga anachojua yeye, na muuzaji anakuuliza rangi gani unapenda. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Kaka, umepanga au umejenga?" Hilo ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza kabla sijatoa hata shilingi.

Mwenye nyumba yake, geti lake, mita yake, huyu anafaidi, na ndiye anayekuja humu kuandika "mimi mwaka wa pili sijakanyaga sheli". Hongera zako mkuu. Wengine tunaibiana uniti uani.

Kama yupo mpangaji humu aliyefanikiwa hili jambo bila kugombana na mtu, aniambie alimwambia nini mwenye nyumba wake, neno kwa neno. Na yule wa yadi najua unasoma humu, simu zangu upokee.

Hapa naandika nikiwa ndani ya gari, uani kwa shemeji yangu Kinyerezi, saa tano usiku, asilimia 61. Ni mara ya tatu wiki hii. Jana ameniuliza kwa upole kama mimi na dada yake tupo sawa.