Naomba ushauri: wiski ya Marekani yenye moshi naipimaje?

Wakuu, habari za jioni. Nimepata chupa ya High West Campfire, ya kule Utah, asilimia 46. Humo wamechanganya bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi zaidi), wiski ya nafaka ya rai, na wiski ya kimea ya Uskoti ambayo shayiri yake ilikaushwa kwa moshi wa mboji (peat, udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni). Moshi unatoka hapo. Mapipa yaliyochomwa ndani huleta zaidi vanila na karameli.

Sasa kuipima ndiyo kunanitatiza. Nikiinusa kavu, moshi unatawala kama shati lililoshinda jiko la kuni. Nikidondoshea maji kidogo na kuiacha itulie, asali inajitokeza, halafu ukali wa rai unaganda kooni. Barafu iliua kila kitu, sishauri.

Wajuzi, mnaipa alama kwa kigezo cha bourbon au cha wiski za Islay, kile kisiwa cha Uskoti chenye wiski za moshi mzito? Maana aliyezoea Islay ataiona nyepesi, wa bourbon ataona moshi umezidi. Na nikionja aina kadhaa, hii nianze nayo? Mimi naona ikae mwisho, moshi hung'ang'ania ulimi.

Wasiokunywa mnisamehe, nauliza wanywaji.