Mjadala: Ukomo wa kukuza viinitete maabara usogezwe hadi siku 21, si 28

Ndugu wachangiaji, swali lililo mezani ni kama ipo haja ya kulegeza sheria zinazokataza kukuza kiinitete cha binadamu maabara kupita siku 14 tangu kutungishwa. Mchangiaji aliyetangulia ameunga mkono pendekezo la mwaka 2024 la HFEA, mamlaka inayosimamia tafiti hizo nchini Uingereza, kwamba ukomo ufike siku 28, akitoa hoja ya watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Nakubali kwamba ukomo usogezwe, ila naona usipite siku 21.

Ukomo huu ulipendekezwa mwaka 1984 na kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock, ukawa sheria Uingereza mwaka 1990. Kwa miaka mingi haukumzuia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukikuza kiinitete muda mrefu hivyo. Mwaka 2016 maabara mbili, moja ya Cambridge na nyingine ya New York, zilivifikisha siku ya 12 na 13, zikasitisha kazi kwa kuutii.

Zilisimama mlangoni kabisa. Karibu siku ya 15 kiinitete ni kisahani bapa chenye tabaka mbili za seli, na kwenye tabaka la juu, upande wa mkiani, hujitokeza mstari ambako seli huelekea, zikaachana na jirani zake na kuzama. Zinazotangulia hulisukuma kando tabaka la chini na kushika nafasi yake, zikawa chanzo cha utando wa utumbo, ini na mapafu. Zinazofuata hutanda katikati na kuzaa misuli, mifupa, damu, moyo na figo. Zinazobaki juu huwa ngozi ya nje, ubongo na neva. Mengi tunayofundishana kuhusu hatua hii yametokana na kuku, chura na panya, ilhali kiinitete cha panya wakati huo kina umbo la kikombe, si bapa kama chetu. Watafiti wa Oxford walipochapisha mwaka 2021 uchambuzi wa seli za binadamu za hatua hiyo, walikuwa na kiinitete kimoja tu, cha siku 16 hadi 19, kilichotolewa kwa hiari na mama aliyesitisha ujauzito.

Wapo wanaosema kwamba mstari ule ndio mwanzo wa mtu mmoja mahususi, kwa sababu kabla yake kiinitete kinaweza kugawanyika kuwa mapacha. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo inayonifanya nisiende mbali. Kufikia siku 21 tabaka zote tatu zimekwisha kuonekana, na moyo, ambao huanza kudunda karibu siku ya 22, bado haujaanza.

Ni kweli kwamba mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga karibu siku ya 28, na usipofunga vizuri mtoto huzaliwa na mgongo wazi, hivyo pendekezo langu linaliacha nje suala la mgongo wazi. Lakini utafiti wa mwaka 1991 ulikwisha kuonyesha kwamba asidi ya foliki, aina ya vitamini B, ikitumiwa kabla ya mimba kutunga, hupunguza sana kujirudia kwa tatizo hilo kwa mama aliyewahi kulipata katika mimba iliyotangulia. Tanzania na Kenya zina kanuni za kuiongeza katika unga wa viwandani, ila familia nyingi husaga mahindi yao kwenye mashine za mtaani, ambako kanuni hizo hazifiki. Anayetetea siku 28 kwa ajili ya watoto hao atueleze maabara itawapa nini ambacho unga wenye asidi hiyo hauwezi kuwapa leo.