Kuhamia Fort Portal, na jina la Kabalega

Wanajumuiya wenzangu, baada ya miaka mitatu ya kufundisha Kiswahili Hoima, magharibi mwa Uganda, nimehamia Fort Portal. Juzi, katika chumba cha walimu, nilimsifu Omukama (yaani mfalme) Kabalega wa Bunyoro kama nilivyozoea kumsikia akisifiwa Hoima, na mazungumzo yakapoa ghafla. Nilikosea wapi?

*

Dada yangu, ulimsifu jirani mkubwa mbele ya wajukuu wa waliomkimbia. Toro, ufalme wa huko Fort Portal, ilimeguka kutoka Bunyoro, ufalme wa Hoima, mnamo mwaka 1830 hivi, pale Kaboyo, mwana wa mfalme, alipojitangazia utawala wake. Kabalega alikuja kuirudisha mikononi mwa Bunyoro, na Kasagama, kijana wa ukoo wa kifalme wa Toro, akaishia ukimbizini Buganda. Kwa kuwa Buganda nayo ilikuwa jirani mwenye tamaa zake, Kasagama alipokutana mwaka 1891 na Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, alimng'ang'ania; mgeni huyo alikuwa na bunduki, na kwao kulikuwa mbali mno, jambo ambalo nadhani lilimfanya aonekane hana madhara. Mimi simlaumu, maana mfa maji haachi kutapatapa.

Lugard alimtawaza, akajenga ngome za kumzuia Kabalega, na ndani yake akaweka askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki kutoka jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan. Askari hao wakawapora wanavijiji walewale waliopaswa kuwalinda. Kufikia mwaka 1900 Toro ilikuwa imetia saini mkataba wa kuwa chini ya Waingereza, na mji unaoishi sasa una jina la Sir Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza. Kabalega, aliyepigana nao hadi akakamatwa mwaka 1899, alipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Ndiyo maana kule Hoima yeye ni shujaa.

Na hata baadaye watu wa Toro hawakuacha kutafuta rafiki wa mbali, kwani jumba la Omukama utakaloliona kilimani lilikarabatiwa kwa msaada wa Gaddafi wa Libya.

La kufanya ni jepesi. Empaako, lile jina la heshima na upendo, uliyopewa Hoima inatumika huku pia, kwa sababu desturi ni moja. Jitambulishe kwayo, uliza empaako ya kila mwenzako kabla ya jambo lolote, na habari za vita uwaachie wenyewe waanze.

*

Ahsante, kaka. Mimi ni Abwooli. Kesho nitaanza na mwalimu mkuu.