Akupancha kwenye zahanati ya kijijini: nianzie wapi?

Tabibu_Kibosho: Wakuu, habari za jioni. Niko zahanati huku Kibosho. Kina mama wanaoshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda na mzigo kichwani wananijia kwa goti na kiuno mwezi hadi mwezi. Nawapa daiklofenaki, dawa ya maumivu. Wengi wana presha, na dawa hiyo huipandisha, huchoma tumbo, huumiza figo. Juzi bibi mmoja kaniambia, "Daktari, vidonge vimenichosha kuliko goti." Nimenyamaza.

Nilifundishwa akupancha, tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini kutuliza maumivu, wiki mbili na daktari mgeni, na sindano ninazo. Kuna aliyeianzisha kwenye zahanati yake? Naomba uzoefu wenu.

Viungo_Moshi: Dada, anza na goti peke yake. Sindano yenyewe ni nyembamba sana, 0.25 mm, haina tundu, lakini mgonjwa atataka kujua ina dawa gani ndani. Mweleze kabla hujafungua pakiti! Mimi sikueleza, mzee mmoja akatangaza kijijini kwamba nachoma sindano tupu. Wiki tatu sikupata mtu. Kila sindano mara moja tu, kisha sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika. Ukiweka nane, hesabu zitoke nane. Kifua na mabega usiguse kwanza, pafu liko karibu mno. Na ruhusa: pitia kwa mganga mkuu wa wilaya, maana tiba mbadala ina sheria yake tangu 2002 na baraza lake.

Mama_Njiro: Nipo Arusha. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliitoa akupancha kwenye mwongozo wa maumivu ya kiuno mwaka 2016, kwa kuwa sindano za kuigiza zilikaribia kufanya kazi sawa na za kweli. Mwaka 2021 ikairuhusu kwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo usiwaahidi kupona. Kinachonitisha mimi ni kiuno: TB ya uti wa mgongo huku kwetu ipo. Anayekonda, anayetoka jasho usiku, anayelegea miguu, huyo wa kupelekwa hospitali apigwe picha, si wa kuchomwa.

Tabibu_Kibosho: Asanteni sana. La TB sikuwa nimelifikiria, nakiri. Basi kiuno nakiacha. Barua ya wilaya naandika leo. Nikiruhusiwa nitaanza na goti, Alhamisi mchana kliniki ya watoto ikiisha, na bibi yule awe wa kwanza. Presha nitampima kila akija, na vidonge nitamhesabia amebakiza vingapi.